Goma bila benki: pesa ipo, kuishika ndiyo kazi

Waasi wa M23 waliingia katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 27 Januari 2025. Zikafuata siku za risasi, umeme kuzimika, maji kukatika, wafungwa wa gereza la Munzenze kutoroka na maiti kuokotwa mitaani. Umoja wa Mataifa ulitaja karibu watu 3,000 waliokufa. Halafu, kwa haraka inayowashangaza wageni tu, mji ukaanza kutembea tena. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikarudi barabarani na makala (mkaa), wamotari wa pikipiki za abiria wakarudi kwenye maronipoo, yaani mizunguko ya barabara, akina mama wakatandaza samaki wadogo wa sambaza na fungu za sombe, majani ya muhogo. Mpaka wa Gisenyi, mji jirani wa Rwanda, ukafunguliwa. Kilichobaki kimefungwa, wiki baada ya wiki na mwezi baada ya mwezi, ni benki.

Nimechagua kuchambua kisa hicho kimoja kwa sababu kila anayeandika juu ya Kongo anaorodhesha matatizo yake kama mtu anayesoma daftari la madeni: vita, siasa, njaa, wakimbizi, rushwa. Orodha haielezi kitu. Ukitaka kuona jinsi tatizo moja linavyozaa jingine, simama mbele ya kabini ya kutolea pesa kwa simu pale mtaa wa Birere na uulize kwa nini muuguzi mwenye mshahara wake kamili ndani ya simu anarudi nyumbani bila unga.

Tuanze na mlango wenyewe. Watu wengi hudhani tawi la benki ni ghala: pesa zimo ndani, mtu mmoja amekataa kufungua kufuli. Ingekuwa hivyo, suala lingekwisha kwa amri au kwa risasi. Lakini tawi haliishi peke yake. Linahitaji Benki Kuu ya Kongo ilipatie noti mpya na kupokea zilizochakaa, linahitaji mawasiliano na makao yake Kinshasa ili hesabu za wateja zilingane, linahitaji ndege au gari salama la kubeba fedha, linahitaji leseni. Zaidi ya yote linahitaji benki za nje zikubali kuendelea kupitisha dola zake. M23 wako kwenye orodha ya vikwazo vya Baraza la Usalama tangu mwisho wa 2012, na Marekani iliiwekea vikwazo AFC, muungano wao wa kisiasa unaoongozwa na Corneille Nangaa, mnamo Julai 2024. Benki inayofungua milango chini ya utawala wa kundi lenye vikwazo inahatarisha njia yake ya dola. Na nchini Kongo zaidi ya asilimia 80 ya akiba zilizoko benki ni za dola.

Kwa hiyo tawi la Benki Kuu lilipoacha kufanya kazi mjini, mengine yote yalikufa hata bila kuguswa. Uwanja wa ndege nao ulikuwa umefungwa. Serikali ya Kinshasa ilikataa benki zifunguliwe katika maeneo isiyoyashika, na hoja yake si ya kipuuzi: ukipeleka shehena ya noti katika mji unaoshikwa na adui, umempelekea adui. Wale walioshika mji nao wakawa wanadai benki zifunguliwe, na hoja yao pia inaeleweka: serikali yoyote inayotaka kuonekana ni serikali haiwezi kukaa juu ya mji wenye watu zaidi ya milioni moja usio na benki hata moja.

Katikati ya hoja hizo mbili kuna mshahara.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, watumishi wa serikali ya Kongo walianza kulipwa kupitia benki. Yalikuwa mageuzi mazuri. Yalipunguza wale wafanyakazi hewa na wale wakubwa waliokata mshahara wa wengine njiani. Lakini yaliwafunga walimu, wauguzi na makarani kwenye mlango mmoja, na mlango huo ulipofungwa walikuta kwamba heshima yote ya kuwa na akaunti imegeuka kuwa mzigo. Mama muuza nyanya, ambaye hakuwahi kukanyaga benki, aliamka tarehe 28 Januari na pesa yake iko palepale ilipokuwa, ndani ya kitenge. Mwalimu aliamka hana kitu.

Njia ya kwanza iliyofunguka ilikuwa simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilikuwepo tangu zamani, na mtandao uliporudi watu wakahamishia huko kila kinachohamishika. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mwenye kabini ana mifuko miwili: pesa ya ndani ya simu na pesa ya mkononi. Ukija kutoa, anakupa noti na wewe unamtumia ya simu. Mfuko mmoja unapungua, wa pili unajaa. Siku za kawaida hali hiyo haimsumbui, kwa sababu jioni au kesho yake anakwenda benki au kwa wakala mkubwa, anabadilisha ya simu kuwa noti, anaanza upya. Ondoa benki. Sasa kila anayekuja kwake anataka kutoa. Mishahara inatumwa kutoka Kinshasa kwa simu, ndugu wa Kampala au wa Ubelgiji wanatuma kwa simu, mashirika yanalipa kwa simu. Hakuna anayekuja kuweka. Mfuko wa simu unafura, wa noti unakauka, na hakuna mahali pa kuisawazisha.

Wakati huohuo noti zilizopo mjini zina tabia ya kuondoka. Goma hula vitu vinavyotoka nje: unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni. Vingi hupitia mpaka wa Rwanda au wa Uganda, na mwenye duka huvilipia kwa dola za mkononi. Zamani mashamba ya Masisi na Rutshuru yalikuwa yakirudisha usawa, kwa maharage, viazi, maziwa na jibini. Lakini vita vilivyorudi mwishoni mwa 2021 vilishawatoa wakulima mashambani muda mrefu kabla Goma haijaanguka. Hivyo pesa ya simu inaingia tu na noti zinatoka tu. Bei ya noti, kwa maana ya kile unacholipa ili upewe pesa yako mwenyewe, haikuwa na budi kupanda.

Ilipanda. Kila kabini ilikuwa na kiwango chake, na kiwango kilibadilika kwa saa, kwa kiasi na kwa sura ya mteja. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: muuguzi mwenye dola 200 akikatwa 5 kwa kila 100, amepoteza dola 10. Kwa kiwango cha mwanzo wa 2025, cha faranga karibu 2,800 kwa dola, hizo ni faranga 28,000. Kwa familia ya mitaa ya Ndosho au Mugunga hicho ni chakula cha siku kadhaa. Na hajanunua chochote bado. Amelipia tu haki ya kushika kilicho chake.

Mazungumzo ya kabini yalikuwa ya namna hii, na aliyeishi Goma mwaka huo ameyasikia:

«Mama, franga haiko. Dola iko, lakini iko moja ya mia.»

«Mutoto yangu, miye nataka ya kununua unga. Mia nitavunja wapi?»

«Rudia saa kumi, mama. Kama kuko mutu wa kuweka, nitakupigia.»

Kijana huyo si mwizi. Nalisema kwa sababu mjini ilikuwa rahisi sana kuwatukana wenye kabini, na wapo waliofaidika kweli. Lakini noti alizonazo naye amezinunua kwa mtu, mara nyingi kwa mfanyabiashara wa jumla ambaye kila jioni hukusanya mauzo ya siku. Katika mji usio na benki, mwenye mauzo ya mkononi ndiye anayekuwa benki. Yeye ndiye anayeamua nani apate noti na kwa bei gani. Wafanyabiashara wakubwa hawakuomba cheo hicho. Kiliwaangukia, na hawakukikataa.

Halafu kuna hali ya noti zenyewe. Noti kubwa kuliko zote za Kongo ni ya faranga 20,000, yaani takriban dola saba kwa kiwango cha wakati ule. Bila Benki Kuu kuziondoa zilizochakaa, zilizobaki zilizunguka mpaka zikawa vitambaa, zimeunganishwa na sikochi (utepe wa gundi), namba hazisomeki, na kila muuzaji akawa hakimu wa ipi inapita na ipi haipiti. Upande wa dola ni kinyume na ajabu zaidi: dola yenye mpasuko mdogo pembeni, mdogo kama ukucha, hukataliwa. Ndivyo ilivyo Kongo nzima tangu zamani, lakini ambako benki ipo unaweza angalau kwenda kubishana nayo. Goma hukuwa na wa kubishana naye. Chenji ndogo ikawa adimu kiasi kwamba sarafu na noti za Rwanda, ambazo zilishazoeleka karibu na mpaka, zilizidi kuingia ndani ya mji. Kuna waliolitafsiri jambo hilo kisiasa, kwamba ni mpango. Huenda. Ila mama anayetafuta chenji ya faranga mia tano hahitaji mpango wa mtu ili apokee sarafu iliyopo.

Njia ya pili ilikuwa kuvuka. Gisenyi iko hapo, mwendo wa miguu, na mpaka mdogo tunaouita Petite Barrière ni miongoni mwa mipaka inayopitwa na watembea kwa miguu wengi zaidi Afrika. Aliyekuwa na kadi inayokubalika nje alivuka na kutoa pesa kwenye mashine za upande wa pili, akalipa makato yake, akarudi. Wengine walizunguka mbali kupitia Uganda hadi Kasindi, Beni au Butembo, ambako serikali ilikuwa bado ipo na benki zilikuwa wazi. Fikiria safari hiyo: unatoka Kongo, unapita nchi moja au mbili, unaingia tena Kongo, ili utoe faranga za Kongo. Njia hizi mbili ziliwafaa wenye hati, nauli na siku za kupoteza. Kwa hiyo ziliwafaa wachache, na nauli yenyewe iliwahi kula faida yote.

Njia ya tatu haikuwa mpya hata kidogo. Likelemba (upatu), MUSO (vyama vya kusaidiana), na vile vikundi vya akiba na mikopo ambavyo kila mtu anaviita AVEC: akina mama ishirini hivi, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Vikundi hivi ndivyo vilivyoendelea kukopesha mtaji wa kuanzia mjini. Vina udhaifu wao. Sanduku haliwezi kukopesha zaidi ya kilichomo, na katika mji wa silaha nyingi na usiku mrefu, sanduku lenyewe ni mwaliko kwa majambazi. Baadhi ya vikundi viliamua kugawana akiba mapema na kulala bila sanduku. Uamuzi wa busara, lakini maana yake ni kwamba mwezi uliofuata hapakuwa na wa kumkopesha mtu.

Walioshika mji walijaribu jibu lao. Mapema Aprili 2025, AFC/M23 walifungua upya ofisi ya CADECO, ile taasisi ya akiba ya serikali iliyokuwepo tangu enzi ya ukoloni. Nangaa mwenyewe alihudhuria. Kinshasa haikuitambua hatua hiyo. Swali la kiufundi lilikuwa rahisi kuliko la kisiasa: ukiweka dola zako pale, zitatumika wapi zaidi ya pale? Taasisi isiyounganishwa na benki nyingine haiwezi kumlipa msambazaji wa Lubumbashi wala kupokea mshahara wa Kinshasa. Inaweza kuwa sanduku kubwa lenye bendera. Kuna pia kumbukumbu. Wazee bado wanasimulia Desemba 1979, Mobutu alipobatilisha noti kubwa za zaire, fedha ya nchi wakati huo, kwa ghafla na watu wakabaki na magunia ya karatasi, na wengine wanaikumbuka miaka ya 1990 ambapo mfumuko wa bei ulikula kila akiba. Mkongo hufikiri mara mbili kabla ya kuiamini hata benki yenye leseni. Kumwambia aiamini ile ambayo Benki Kuu yake imeikana ni kuomba mno.

Sasa nirudi kwa Kinshasa, maana hapo ndipo nina neno.

Kufunga benki kulikusudiwa kuwa silaha: kuwanyima waasi mapato na sura ya utawala. Silaha hupimwa kwa aliyepigwa. Mapato ya M23 hayapitii kaunta ya benki. Rubaya, machimbo yenye madini ya coltan yanayokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia, metali ya vifaa vya elektroniki, iliangukia mikononi mwao mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kodi wanazotoza pale kuwa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Kodi za barabarani, za sokoni na za mpakani hutozwa mkononi. Mfumo wa kodi za mkononi haudhuriki benki zikifungwa. Anayedhurika ni yule ambaye dola yake ilikuwa ndani ya mfumo rasmi, yaani mtumishi wa serikali hiyohiyo ya Kinshasa, mfanyakazi wa shirika, mwenye duka dogo aliyeshawishiwa miaka yote aweke akiba benki. Serikali iliwaadhibu watu waliokuwa wameitii.

Hata hivyo siwezi kuwaachia walioshika mji. Wao ndio walioleta bunduki mahali palipokuwa na benki zinazofanya kazi, kisha wakashangaa kwamba benki zimekwenda. Na walipowaambia maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa kambi za pembezoni mwa mji, Bulengo na Lushagala miongoni mwao, waondoke ndani ya siku chache mwezi Februari, watu hao walirudi kwenye vijiji visivyo na mbegu, jembe wala paa, huku msaada wa pesa taslimu ambao mashirika yangewapa ukiwa umekwama palepale ulipokwama mshahara wa muuguzi.

Msaada wenyewe ulikuwa unapungua kwa sababu nyingine kabisa. Kwa mwaka 2025 Umoja wa Mataifa na serikali waliomba dola bilioni 2.54 kusaidia watu milioni 11 nchini. Marekani, iliyokuwa imebeba takriban asilimia 70 ya gharama hizo mwaka uliotangulia, ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, wiki ileile ambayo Sake, mji mdogo jirani na Goma, ulikuwa ukianguka. Mashirika yaliyosalia na fedha hayakuwa na ndege ya kutua Goma wala benki ya kulipia magari, mafuta na walinzi. Ghala za chakula zilikuwa zimeporwa. Kila tatizo hapo lina chanzo chake: Washington, Kinshasa, uwanja wa ndege, waporaji. Yanakutana kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa huu kufunga njia moja na kuona watu wakifia kwenye nyingine. Barabara ya Sake ilipokatwa na vita mwaka 2024, chakula na abiria wa Minova walihamia ziwani, boti zikajazwa kupita kiasi, na tarehe 3 Oktoba boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiwa wamesimama ufukweni wakiitazama. Makumi walikufa. Waliopanda walijua imejaa. Barabara haikuwepo.

Baada ya Goma kuanguka mazungumzo yalifuata: Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, Doha tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na AFC/M23, kisha mkataba wa mfumo, yaani wa misingi tu, tarehe 15 Novemba wenye itifaki nane, nyingi zikiachwa zijadiliwe baadaye, ikiwemo ile ya uchumi na huduma za jamii. Huko Paris, tarehe 30 Oktoba, Ufaransa ilitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 walijibu kwamba hawakushauriwa. Mwezi Desemba vita vilifika mji wa Uvira, kusini zaidi.

Wanaojadili kufunguliwa kwa benki huzungumza juu ya nani atatia saini na bendera ya nani itapepea mlangoni. Ningependa wajadili pia siku ya kwanza itakuwaje. Siku hiyo hakuna atakayekuja kuweka. Mji mzima utakuja kutoa, na tawi litahitaji noti nyingi kuliko lilizowahi kuhitaji, nzima na ndogondogo, faranga kwa dola, na litazihitaji kabla ya mlango kufunguliwa. Lazima ziletwe na mtu ambaye pande zote mbili hazitamnyang'anya, kwa ndege, na kwa uwanja ambao njia yake ya kurukia lazima kwanza ikaguliwe. Likikosa noti hizo ifikapo saa sita mchana, foleni itarudi kwenye kabini za Birere, na kiwango cha jioni hiyo kitakuwa juu kuliko cha asubuhi.